Ulinzi wa ghala na ulinzi wa simu usitenganishwe

Ifikapo Mei na Juni kila mwaka, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, maisha ya Mkula wilayani Busega hubadilika. Mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli hubeba pamba kutoka mashambani hadi vituo vya kununulia, wenye maduka huongeza bidhaa, mawakala wa fedha za simu huhangaikia salio, na mama lishe huinjika sufuria ya pili. Jasho lililoanza kumwagika Novemba, mbegu zilipowekwa ardhini, hugeuka fedha ndani ya wiki chache.

Wiki hizohizo ndizo ambazo wezi nao huzisubiri.

Kwa miaka mingi ulinzi wa mali ya mkulima ulieleweka kwa namna moja: kufuli kubwa mlangoni, mlinzi mwenye rungu na tochi, na sungusungu wanaozunguka usiku. Leo mali hiyohiyo hukaa mahali pawili. Kabla ya malipo iko ghalani kama pamba, na baada ya malipo iko benki au ndani ya simu kama tarakimu. Hata hivyo, sehemu hizi mbili aghalabu hulindwa kana kwamba hazihusiani. Mlinzi wa ghala haambiwi ni kilo ngapi zimelala ndani. Karani anayeshika orodha ya majina na namba za simu hajihesabu kuwa naye ni mlinzi. Mkulima anayefunga mlango kwa komeo mbili humtajia mtu asiyemjua namba yake ya siri.

Umefika wakati wa vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kwa jina la AMCOS, kuona kuwa kulinda ghala na kulinda simu ni kazi moja. Kinachoziunganisha kazi hizo ni taarifa sahihi inayomfikia anayehusika papo hapo, wakati bado anaweza kuchukua hatua.

Mizani ni mlango wa kwanza

Wizi wa pamba haukuanza na simu. Eneo la Mkula, ambalo kabla ya kuanzishwa kwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 lilikuwa chini ya Wilaya ya Magu mkoani Mwanza, ni sehemu ya ardhi ya pamba ambako ushirika wenyewe ulizaliwa kutokana na kilio cha mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi binafsi. Miongoni mwa madai yao ya kwanza lilikuwa kuweka wapimaji wao vituoni, watu wa kusimama kando ya mizani ya mnunuzi na kusema kilo halisi. Kutokana na vuguvugu hilo, lililoongozwa na Paul Bomani, lilizaliwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima wa Kiafrika barani.

Ukitazama kwa makini, madai yale yalikuwa ya taarifa. Mkulima alitaka kujua uzito wa pamba yake pale pale, akiwa amesimama mbele ya mizani, na si kusomewa baadaye kutoka kwenye daftari la mtu mwingine.

Dai hilo bado lina uzito. Chukua mfano wa mkulima aliyevuna kilo 800. Kwa bei elekezi ya msimu wa mwaka 2019, ambayo ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, pamba hiyo ilikuwa na thamani ya Sh960,000. Akipima kilo 40 kwa mara moja, atapanda kwenye mizani mara 20. Mizani iliyochezewa ikimla kilo mbili kila mara, atapoteza kilo 40, sawa na Sh48,000. Hakuna dirisha lililovunjwa, hakuna kufuli lililokatwa, wala hakuna wa kumpigia kelele za mwizi. Fedha hizo ni sare za shule na madaftari ya watoto wawili au watatu.

Tangu msimu wa 2018 serikali ilipoelekeza pamba inunuliwe kupitia AMCOS, mzigo wa uaminifu umehamia kwa chama cha mkulima mwenyewe. Hili ni jambo jema, kwa kuwa chama ni chake. Lakini lina maana pia kuwa mizani, ghala, daftari na orodha ya malipo vyote viko chini ya paa moja, mara nyingi mikononi mwa watu watatu au wanne. Udhaifu ukiingia sehemu moja huzidhuru zote.

Mwizi wa ghala na mwizi wa simu wanasaidiana

Wapo wanaodhani kuwa utapeli wa simu ni tatizo la watu wa mijini wenye simu janja. Si kweli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaingia hata kwenye simu ya kitochi. Tena mtapeli hahitaji kufika Mkula. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa miongoni mwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Mtu anaweza kukaa huko, mamia ya kilometa kutoka Busega, akavuna pamba ambayo hakuipalilia.

Lakini mtapeli wa mbali anahitaji kitu kimoja kutoka karibu: habari. Anataka kujua nani ameuza, kilo ngapi, na malipo yanaingia lini. Habari hizo humfikia kwa njia ambazo hazina uhusiano wowote na kompyuta. Orodha ya malipo yenye majina, kilo na namba za simu inapobandikwa ukutani mwa ofisi ya chama, yeyote anaweza kuipiga picha kwa sekunde tano. Siku ya pili mkulima anapigiwa simu na mtu anayemtaja kwa majina matatu na kutaja kilo zake bila kukosea. Anamwambia kuwa malipo yake yamekwama na kwamba ili yafunguliwe ataje namba ya siri. Mkulima atamshuku vipi mtu anayejua kilo zake? Huo ni wizi wa mtandaoni ambao mlango wake ulikuwa karatasi ukutani.

Njia nyingine ni simu yenyewe. Simu inaibwa mnadani au inadondoka kwenye basi. Namba ya siri imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya kifuniko cha betri, au ni mwaka wa kuzaliwa wa mwenye simu. Kabla mwenyewe hajarudi nyumbani, fedha zimeshatolewa. Aliibiwa kitu cha kushikika, akapoteza kisichoshikika.

Upo pia upande wa pili. Siku ya malipo inapotangazwa, kijiji kizima kinajua kuwa wakala ana fedha taslimu nyingi na kwamba wakulima watatembea nazo jioni. Habari ya kidijitali, yaani fedha kuingia kwenye simu, inageuka hatari ya mapanga njiani. Kwa hiyo mlinzi asiyejua kinachotokea kwenye simu hawezi kulinda barabara, na mhasibu asiyejua kinachotokea barabarani hawezi kupanga malipo kwa usalama.

Somo la mwano

Wasukuma si wageni wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri na vyombo vya dola vikawa mbali, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu. Silaha yao kubwa ilikuwa mwano kuliko hata upinde. Aliyeibiwa alipiga yowe, wa jirani akalipokea na kulipeleka mbele, na kabla ya kupambazuka kijiji cha tatu kilikuwa kimeshajua ng'ombe wameibwa wapi na nyayo zinaelekea upande gani. Wanaume walitoka, na mwizi akajikuta anakimbilia kwa watu ambao tayari walikuwa wanamsubiri.

Mwano ulifaulu kwa sababu tatu. Ulitolewa mara tu wizi ulipogunduliwa, haukusubiri kikao. Ulikwenda kwa kila mtu anayeweza kusaidia, si kwa kiongozi peke yake. Na ulifuatwa na hatua, kwani asiyetoka alitozwa faini.

Sungusungu walikuwa na kasoro zao, na baadhi ya maeneo walichukua sheria mkononi na watu wakaumia au kufa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1989 yaliwatambua na kuwapa mamlaka ya kukamata, lakini kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwao leo ni ule utaratibu wa habari.

Mwizi wa fedha za simu naye huacha nyayo. Kila muamala una namba, saa, na laini iliyosajiliwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulilenga jambo hilo hasa. Tatizo ni kuwa nyayo hizi hufutika haraka kuliko za ng'ombe, kwa kuwa fedha iliyotumwa kimakosa huweza kutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Mkulima anayeona aibu, akanyamaza siku mbili, kisha akaenda polisi siku ya tatu, anakuwa amepiga mwano wakati ng'ombe wameshachinjwa.

Tembo aliyetuma ujumbe

Mfano wa jinsi walinzi wa ardhini wanavyoweza kuunganishwa na taarifa za papo hapo upo katika jambo ambalo wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Serengeti wanalifahamu vizuri, yaani tembo wanaoingia mashambani.

Katika miaka ya 2000, eneo la Ol Pejeta huko Laikipia nchini Kenya lilisumbuliwa na tembo dume aliyeitwa Kimani, aliyezoea kuvunja uzio na kula mazao ya wakulima. Tembo wengine wenye tabia hiyo walikuwa wameshauawa. Shirika la Save the Elephants lilimvisha Kimani kola yenye kifaa cha kujua mahali alipo na laini ya simu. Kwenye kompyuta ulichorwa mpaka usioonekana. Kimani alipoukaribia mpaka huo kuelekea mashambani, kola ilituma ujumbe kwenye simu za askari wa wanyamapori, nao walifika kwa gari na taa kali wakamrudisha kabla hajagusa shamba.

Kola peke yake isingemzuia tembo, na askari peke yao, wakizunguka usiku kucha, wasingejua atapitia wapi. Mazao yalipona kwa sababu habari na miguu ya askari vilikutana kwa wakati.

Upo pia mfano wa tahadhari. Mwaka 2013 nchini India, katika hifadhi ya Panna, iligundulika kuwa mtu asiyejulikana alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za kola ya chui milia mmoja. Jaribio hilo lilizuiwa. Kama lingefanikiwa, kola iliyowekwa kumlinda mnyama huyo ingeweza kuwa ramani ya majangili. Vivyo hivyo, orodha inayomwonyesha meneja wa chama pamba yote iko wapi na fedha zote ziko kwa nani, ikimfikia mwizi, humrahisishia kazi kuliko ufunguo wa ghala.

Kazi ya chama

Je, AMCOS ya Mkula au jirani zake ifanye nini bila kusubiri mfadhili? Hatua za kuanzia hazihitaji kompyuta ya gharama.

Kwanza ni mizani. Kila mkulima apokee ujumbe wa simu unaotaja tarehe, kilo na daraja la pamba kabla hajaondoka kituoni, pamoja na stakabadhi yake ya karatasi. Mizani ya kidijitali inayotuma takwimu yenyewe ni bora zaidi, lakini hata karani mwenye kitochi anaweza kuandika ujumbe huo. Mizani yoyote, ya zamani au ya kisasa, iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na mkulima afundishwe kuutafuta muhuri huo kabla ya kupakua mzigo. Ujumbe mmoja wa simu hauwezi kufikia thamani ya kilo moja ya pamba, hivyo kisingizio cha gharama hakina nguvu.

Pili ni ghala. Kila jioni, kilo zilizopokelewa, zilizosafirishwa na zilizobaki zitumwe kwa watu watatu ambao si ndugu na hawafanyi kazi meza moja: mjumbe wa bodi, mjumbe wa kamati ya usimamizi, na kiongozi wa zamu ya ulinzi. Asubuhi zihesabiwe tena. Mlinzi anayejua kuwa amepokea magunia 112 atalinda magunia 112. Asiyeambiwa hesabu hulinda mlango tu, na hawezi kulaumiwa kwa kilichopungua nyuma yake.

Tatu ni usafiri. Gari la pamba linapoondoka kwenda kiwanda cha kuchambulia, namba ya gari, saa na uzito vitangulie kwa ujumbe. Kiwanda kijibu siku hiyohiyo kwa uzito kilioupokea. Tofauti ikionekana siku hiyo, dereva, mpimaji na mzigo wote wapo. Ikionekana mwisho wa msimu, kinachobaki ni mabishano ya mkutano mkuu.

Nne ni malipo. Orodha ya ukutani, ikiwa lazima ibandikwe ili wanachama wahakiki, ionyeshe namba ya uanachama na kilo, lakini isionyeshe namba ya simu. Chama kitangaze mapema namba moja tu ya simu ambayo kitaitumia kuwasiliana na wanachama, na kirudie tangazo hilo kanisani, msikitini, mnadani na kwenye mkutano wa kijiji. Simu yoyote kutoka namba nyingine ihesabiwe kuwa ya tapeli hadi ithibitike vinginevyo. Malipo yagawanywe kwa makundi na siku ili wakala asilundike fedha na njia zisijae watu wenye bahasha, na wakulima wahimizwe kutoa kiasi wanachohitaji kwa wiki hiyo badala ya kutoa zote kwa siku moja.

Tano ni mwano wenyewe. Chama kiteue watu wawili wa kupokea taarifa za utapeli saa zote za msimu. Mwanachama akipata ujumbe wa kushuku, autume kwa hao wawili na kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za ulaghai, kisha afuate maelekezo ya kutaja namba iliyomtapeli. Ndani ya dakika chache wanachama wote wapate onyo lenye namba hiyo. Kama fedha imeshatoka, mwathirika apige namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake palepale ili muamala uzuiwe kama bado inawezekana, ndipo aende polisi na namba ya muamala mkononi. Kampeni ya Sitapeliki ya TCRA na wadau wake imekuwa ikisisitiza mambo hayahaya, na kila mwenye kitambulisho cha Taifa anaweza kubonyeza *106# kuona kama kuna laini ambayo haijui imesajiliwa kwa jina lake.

Wafanyabiashara wadogo nao

Fedha ya pamba ikishatoka kwa mkulima huingia dukani, kwa fundi baiskeli, kwa muuza mabati wa Lamadi na kwa mama lishe. Huko nako mlango wa duka na simu ni kitu kimoja. Mteja anachukua mifuko mitatu ya saruji, anaonyesha ujumbe kwenye simu yake kuwa ameshalipa kwa lipa namba, kisha anapakia na kuondoka. Ujumbe huo unaweza kuwa umeandikwa na yeye mwenyewe. Kanuni ni rahisi: mzigo usitoke mpaka mwenye duka aone fedha kwenye salio lake, si kwenye simu ya mteja wala kwenye ujumbe uliotoka kwa namba ya mtu binafsi.

Wakala wa fedha ana hatari mbili. Mchana hupigiwa simu na anayejiita mtu wa kampuni akimwelekeza kubonyeza namba fulani ili "kuboresha laini". Jioni hufuatwa akifunga kibanda. Mawakala wa soko moja wakiwa na kikundi cha simu cha kupeana habari, yule wa kwanza kupigiwa ndiye anayewaokoa wenzake. Kikundi hichohicho kinaweza kuwa na namba ya mkuu wa kituo cha polisi na kiongozi wa sungusungu, ili wajue saa za kufunga na njia zinazotumika.

Pingamizi zenye msingi

Wapo watakaosema kuwa mtandao vijijini hukatika, kwamba wazee hawasomi ujumbe, na kwamba familia nyingi zina simu moja iliyo mikononi mwa baba ilhali mama ndiye aliyechuma pamba. Pingamizi hizi zina ukweli, na utaratibu wowote usiozijali utashindwa.

Mtandao ukikatika, stakabadhi ya karatasi yenye nakala ibaki kuwa ushahidi, na ujumbe utumwe mawasiliano yakirudi. Karatasi na simu vikaguane, kwa kuwa mwizi hupata shida zaidi kughushi viwili kuliko kimoja. Serikali nayo ina deni la mawasiliano. Mwaka 2023 ilisaini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mikataba ya ujenzi wa minara 758 vijijini, na vyama vya ushirika vina haki ya kudai kuwa maeneo ya vituo vya pamba yapewe uzito katika miradi ya namna hiyo.

Kwa wasiosoma, chama kinaweza kumsajili mtu wa pili wa kupokea nakala ya ujumbe, mtoto au jirani anayeaminika, kwa idhini ya mwanachama. Kwa kaya yenye simu moja, jina la mama lisajiliwe kama mkulima pale anapolima shamba lake, na ujumbe wa mizani usomwe kwa sauti mbele yake kituoni. Taarifa inayomruka mtu aliyeinama shambani miezi mitano haijamlinda.

Pingamizi kubwa zaidi ni hofu ya kuwa mfumo wa kidijitali utakusanya habari za watu wengi mahali pamoja na kuwapa wachache nguvu mpya ya kuiba. Hofu hiyo ni halali, kama mfano wa India unavyoonyesha. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haihusu benki na kampuni za simu tu. Chama kinachotunza majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wanachama kinawajibika kuvilinda. Kila karani awe na namba yake ya siri ya kuingilia kwenye mfumo, asiiazime, na jina lake libaki kwenye kila badiliko alilofanya. Karani akiacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku hiyohiyo, kama ambavyo angetakiwa kurudisha funguo.

Nani awajibike

Mkulima ana sehemu yake, lakini si haki kumwachia mzigo wote na kumwambia tu "kuwa makini". Bodi ya Pamba na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo tayari ina mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama uitwao MUVU, ziweke sharti kuwa AMCOS inayofungua kituo iwe na utaratibu wa ujumbe wa mizani na hesabu ya kila jioni. Maofisa ushirika wa Busega na Bariadi wakague hayo kabla ya msimu, si baada ya malalamiko. Kampuni za simu, ambazo hupata ada katika kila shilingi ya pamba inayotumwa, zitenge watu wa kushughulikia haraka taarifa za utapeli kutoka mikoa ya pamba katika wiki za malipo. Polisi nao, wakiletewa namba ya muamala ndani ya saa moja, wasimwambie mwathirika arudi kesho, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imewapa nguvu ya kufuatilia.

Gharama ipo, lakini inahesabika. Chama kinachokusanya kilo 300,000, wanachama wake wakikubali kutenga shilingi moja kwa kila kilo, kinapata Sh300,000 kwa ajili ya ujumbe, simu ya ofisi na posho ya wapokea taarifa. Mkulima wa kilo 800 atakuwa amechangia Sh800. Mizani mbovu iliyotajwa hapo juu ilimla Sh48,000, na simu moja ya tapeli ingeweza kumla Sh960,000 zote.

Uamuzi huo hauhitaji waziri wala mkuu wa mkoa. Unahitaji ajenda moja kwenye mkutano mkuu wa wanachama kabla ya kituo kufunguliwa, na wanachama wa kuuliza maswali matatu: ujumbe wa mizani utatumwa na nani, hesabu ya ghala ya kila jioni itapokelewa na akina nani, na akitapeliwa mmoja wetu saa tatu usiku tumpigie nani. Chama kisichoweza kuyajibu maswali hayo hakijawa tayari kupokea pamba ya mtu.